Ziwa Alilochorewa Mayu

Ziwa Burigi lilitokana na chafya. Hivyo ndivyo nilivyoamini utotoni, na hata ungeniletea ziwa lenyewe kwenye ndoo nisingebadili msimamo. Habari hiyo niliipata kwa Masanja, mtoto wa baba yangu mdogo, aliyenizidi umri kidogo na uongo sana. Kwa maelezo yake, hapo zamani nchi yote ya Biharamulo ilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma, mpaka siku moja mchora ramani wa serikali alipofanya kazi akiwa na mafua. Akapiga chafya, chupa ya wino wa buluu ikapinduka juu ya karatasi, na kesho yake watu waliokuwa wanakaa pale waliamka vitanda vinaelea na kuku wamehamia juu ya paa.

Nilimuuliza, na maporomoko ya Rusumo je, kule baba anakofanya kazi? Masanja hakusita hata kidogo. "Pale mkono uliteleza," alisema, akaendelea kumenya muwa wake.

Kwa hiyo nilikua nikiijua sheria: kitu kikishapakwa rangi kwenye ramani, nchi yenyewe inafuata. Polepole, lakini inafuata.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Shule mimi nimeimaliza ukubwani, masomo ya jioni, hapa Ngara mjini, katika darasa tuliloazimwa na shule ya msingi. Wanaume wenye ndevu na akina mama wenye wajukuu tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Mchana bodaboda, jioni jiografia. Sasa jioni moja mwalimu alibandika karatasi ya manila ukutani, akafungua maka peni ya buluu. Ninyi wa rika langu harufu ile mnaijua: kali, ina utamu kidogo, inapanda puani mpaka nyuma ya macho. Mwalimu alikuwa anauliza ramani inahitaji nini ili isomeke, na wenzangu walikuwa wanajibu vizuri tu, jina, fremu, ufunguo, dira, kipimio. Mimi nilikuwa sipo. Nilikuwa mtoto tena kijijini kwetu Nemba, miguu peku, moyo unadunda kama mashine ya kusaga, namtazama mama yangu akiagiza ziwa.

Mama tulimwita mayu, kama Wasukuma wote. Alizaliwa upande wa Mwanza, ziwani kabisa. Nyumba ya kwao, ukitema mate mlangoni samaki wanashtuka. Baba ndiye aliyemleta Nemba walipohama na ng'ombe kutafuta ardhi. Ardhi waliipata, ziwa hawakulikuta. Baadaye ng'ombe waliisha kwa maradhi, baba akaenda Rusumo kupakia na kupakua malori, akawa anaonekana nyumbani kwa msimu, kama kumbikumbi. Tukabaki mimi na mayu, mbuzi na kuku.

Mayu hakuwa mtu wa kulalamika. Ila siku ya gulio, akinunua dagaa, hakuwatia kikapuni kwanza. Aliwaleta puani akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda ambao, kwa hesabu zangu, ulitosha kuivisha maharage.

"Hawa ni wa kwetu," angesema. Au, "Hawa hapana."

"Unasikia nini, mayu?"

"Nasikia asubuhi."

Nami nikajitahidi kunusa asubuhi kwenye dagaa, nikasikia dagaa tu. Lakini nilijua kwamba mama yangu ana kitu alichokiacha mahali, kikubwa kuliko nyumba, na kwamba hakuna mtu anayeweza kukibeba kwenye basi kumletea.

Nyumba yetu ilikuwa bondeni, na hatua chache chini yake, penye matete, palikuwa na chemchemi. Usifikirie kitu kikubwa. Ng'ombe mmoja mnene akilala juu yake angeifunika yote na mkia ungebaki. Lakini kiangazi, visima vya wengine vikishakuwa matope ya kufinyangia, yenyewe ilikuwa inatoa maji, na wanawake wa kitongoji kizima walishuka na ndoo kichwani. Mayu ndiye aliyefagia pale, aliyeondoa majani yaliyooza, aliyewafokea watoto waliotaka kutia miguu. Maji yake yalikuwa ya baridi. Ukiyanywa saa sita mchana, nakwambia, ulitetemeka mpaka jua linazama.

Ndipo akaja Dada Advera. Alikuwa afisa wa ardhi kutoka wilayani, msichana mrefu wa Kihaya, mpole wa maneno, anaendesha pikipiki iliyotangulia kusikika siku moja kabla ya kufika. Alikuja kutusaidia kupanga ardhi ya kijiji: hapa kilimo, hapa malisho, hapa makazi, na hasa hasa wapi itapita njia ya ng'ombe kwenda kwenye josho jipya, maana wakulima na wafugaji walikuwa wameshaanza kupitana bila salamu. Kitakachokubaliwa kwenye mkutano kingepakwa rangi kwenye ubao mkubwa ukutani pa ofisi ya kijiji, ili na asiyejua kusoma aone.

Kwanza walichora chini, uwanjani, kijiji kizima kikiwa kimechuchumaa. Majivu yalikuwa barabara. Matawi yalikuwa msitu wa hifadhi. Nyumba zilikuwa punje za mahindi, kila mtu aliweka yake. Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote nilizoona mpaka leo, na ilidumu mpaka mbuzi wetu alipouingia msitu wa hifadhi akaula wote. Watu walipokuwa wanamfukuza, kuku akapita nyuma yao, akaidonoa nyumba ya mwenyekiti, akaimeza.

Nilikimbia. Nilikata vichaka mpaka kwa mwenyekiti kwenda kuona kama kuna nyumba. Ilikuwa imesimama, mabati yote juu, mkewe anaanika mihogo. Nilimwamkia, nikarudi nikihema na swali zito.

"Ya chini haihesabiwi," Masanja alinieleza. "Mpaka iwe wino."

Siku ya wino, Dada Advera aliunganisha karatasi za manila zikawa kubwa kama shuka ya kitanda cha bwana harusi. Akaomba kila mtu aseme kinachopaswa kuonekana. Hapo ndipo nilipojua kuwa watu wazima nao ni watoto. Mwenyekiti alitaka nyumba yake ichorwe na mabati yake. Mwenye duka alitaka jina la duka liandikwe kwa herufi kubwa, nyekundu, na chini yake mstari. Mchungaji alipoona duka limezidi kanisa, akaomba msalaba urefushwe, ukarefushwa mpaka ukaingia kitongoji cha jirani. Kamanda wa mgambo akataka achorwe yeye mwenyewe. Dada Advera hakumkatalia mtu. Aliandika, akachora, akapaka, mpaka karatasi ikawa haina pa kuweka hata inzi. Kisha akaibandika ukutani, akatutuma wote tukasimame kule kwenye goli la mpira.

"Mnaona nini?" aliuliza kwa sauti.

Watu walikunja macho. Mzee mmoja akasema, "Mimi namwona mwenyekiti."

"Na nini kingine, baba?"

"Duka."

"Malisho je? Mpaka wa msitu? Njia ya ng'ombe?"

"Namwona mwenyekiti," alirudia yule mzee, na watu wakacheka mpaka mwenyekiti mwenyewe akacheka kidogo.

"Kila kitu hapa kinapiga kelele," Dada Advera alisema tuliporudi karibu. "Mmenichorea gulio. Ramani bado."

Lakini mwenyekiti alikuwa na haraka ya kumaliza. Akachukua fimbo yake, akaifuatisha njia ya ng'ombe: inatoka malishoni, inashuka bondeni, inanyooka mpaka kwenye josho. "Hapa bondeni ni peupe, hapana kitu," alisema. "Tuipitishe moja kwa moja. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Nilikuwa nimekaa kwenye upindo wa kanga ya mayu, nikasikia kanga inanivuta. Alikuwa anasimama. Mayu, ambaye mkutanoni hata kukohoa alikoholea ndani.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Maji yako wapi?"

"Maji yapi, Mama Mabula?"

"Uliyokunywa asubuhi."

Watu wakaisogelea karatasi, wakatafuta. Dada Advera ndiye aliyeonyesha kwa ncha ya kidole. Kulikuwa na nukta ya buluu, ndogo kama jasho la sisimizi, imebanwa chini ya herufi za lile duka, na mstari wa ng'ombe ulikuwa umepita juu yake.

"Kwa kipimio, ukubwa wake ndio huo," alisema. "Lakini kuna vitu vidogo ardhini ambavyo kwenye ramani lazima tuvivimbishe, la sivyo watu wanapita juu yake bila kujua. Na kuna vikubwa lazima vinywee. Mama, njoo hapa mbele unisaidie."

Wafugaji waliguna, maana njia ya kuikwepa chemchemi, kuzungukia mgongoni mwa kilima, ni ndefu. Mmoja, mjomba wake Masanja, akasema, "Dada, unamsikiliza huyu? Ana mbuzi wawili."

"Na hao wawili wanakunywa," mayu alimjibu bila kugeuka. "Na mkeo naye, jana alikuja na ndoo mbili."

Watu walicheka, na katika kicheko hicho Dada Advera akafungua karatasi mpya. Sasa mimi sikujua kwamba natazama ufundi, nilijua nimeogopa. Alianza na rangi hafifu, mashamba njano kama uji, malisho kijani kilichochoka. Nyumba zote akazifanya nukta nyeusi, sawa kwa sawa, na mwenyekiti akaitafuta ya kwake kwa muda mrefu kama mtu aliyepotelewa na kifungo. Duka likapoteza wekundu wake. Msalaba ukarudi kanisani. Majina akayaandika madogo, pembeni, na bondeni hakuandika chochote, akapaacha pawe wazi kabisa kama uwanja uliofagiliwa. Karatasi ikatulia. Hata mkutano nao ukatulia. Halafu akafungua ile maka peni ya buluu, na harufu ikanifikia pale nilipokaa.

"Hapa, mama?"

"Hapo. Ongeza."

"Hivi?"

"Ongeza, mwanangu. Mtu mwenye usingizi aione. Mwenye hasira na ng'ombe zake aione."

Buluu ikatanuka. Ikanona. Nyumba yetu ilipofikiwa, Dada Advera akasita na kumwangalia mayu, na mayu akaweka kidole chake mwenyewe ndani ya ile buluu, kikatoka na rangi.

"Sisi tuko hapa," alisema. "Tuache hapo hapo."

Mimi jina langu Mabula, na kwa Kisukuma mabula ni mvua. Nilijiona mshiriki kamili wa maafa. Nilimtazama Masanja upande wa pili wa mkutano. Naye alinitikisia kichwa polepole, kama mtu anayetoa pole.

Sikuwa na shaka hata chembe. Mama yangu, aliyenusa dagaa gulioni, alikuwa amepata mtu wa kumchorea ziwa, akalichukua. Na jinsi alivyorudi nyumbani siku ile! Alitembea mbele yangu akiimba kwa pua, akikitazama kile kidole cha buluu kama kina pete. Ningeweza kumwambia. Ningemwambia mayu, nyumba itazama, futa ziwa, nina hakika angeenda kulifuta. Ndiyo maana sikumwambia. Nilikuwa mwanamume wa nyumba, baba yuko Rusumo, na niliona kwamba kumnyang'anya mama ziwa lake la pekee si kazi ya mwanamume wa nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha vyombo.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kirefu, kwa macho yangu ya wakati ule kiliupita mlima wowote wa Ngara. Nikaanza kupandisha. Kigoda. Sufuria ya ugali. Kanga ya kanisani ya mayu, nimeikunja ndani ya jani la mgomba. Mayu akivikuta anavirudisha.

"Mabula, kigoda kinafanya nini huku?"

"Kinapunga upepo."

Alinitazama, akaniwekea kiganja pajini pa uso kupima homa, akaniacha. Kesho yake kigoda kilirudi juu. Mbuzi nilijaribu kumfundisha kuogelea kwenye beseni la kufulia, akanipiga teke ambalo nusura linipeleke Burundi. Kuku niliwaacha, wao paa wanalijua. Na jioni, nikiwa peke yangu, nilikuwa nanoa waya niliouchomoa kwenye mwavuli mbovu, nikaukunja ncha, nikaufunga uzi wa gunia. Ndoano ya mayu. Ziwa likija, asije akakaa ufukweni mikono mitupu.

Ushahidi nao ulikuwa unaongezeka kila siku. Ubao ulipopakwa rangi na kutundikwa ofisini, buluu ile ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza kuonekana, hata ukiwa barabarani. Siku moja nilimwona yule yule mjomba wa Masanja akija na kundi lake, vumbi limemjaa kope. Alisimama mbele ya ubao akiegemea fimbo. Alitazama, akatazama, akasonya, kisha akapiga mluzi, akawageuza ng'ombe wote kupitia mgongoni, kule mbali. Nikajisemea, naam, amejua. Anaokoa ng'ombe wake. Halafu wanawake wa kitongoji wakaja na majembe, mayu mbele yao, wakapanda matete na michongoma kuizunguka chemchemi, duara pana, na mimi nikaelewa kwamba wanapima ufuko.

Mvua za kwanza zilitukuta darasani, mchana. Ziligonga bati mpaka mwalimu akawa anafungua mdomo bila kutoa sauti. Sikungoja kengele. Nilikimbia nikiteleza, nikaanguka, nikaamka, na mvua ile, wanangu huwa hawaniamini, kila tone lilikuwa la kujaza kikombe. Nilifika nyumbani nikamkamata mbuzi kwa masikio, nikampandisha kichuguuni pamoja na mwenzake. Kigoda kilikuwa tayari kule. Nikachukua ndoano, nikakaa chini ya mvua, macho bondeni, nasubiri ziwa la mama yangu liinuke.

Mayu alitoka shambani na jembe begani na jani la mgomba kichwani. Alisimama uani, akatazama mlango uliokuwa wazi, akatazama kichuguu: mwanawe, mbuzi wawili, kigoda. Hakupiga kelele. Aliweka jembe chini, akapanda, kwa shida kidogo maana udongo ulikuwa unateleza, akakaa kwenye kigoda. Akanivuta chini ya jani lake. Kutoka kwenye fundo la kanga akatoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akanipa, tukatafuna. Chini, kati ya matete machanga, maji ya chemchemi yalikuwa yameanza kumwagika nje na kung'aa.

"Basi niambie," alisema.

Nikamwambia yote. Wino, chafya, Burigi, mkono ulioteleza Rusumo. Nikamwambia kwamba ziwa lake linakuja, lile aliloagiza kwa Dada Advera, na kwamba asiwe na wasiwasi juu ya kanga ya kanisani. Kisha nikampa ndoano.

Aliigeuzageuza. Akajaribu ncha yake kwa kidole, kile kile kilichokuwa cha buluu. "Hii ni ya sato?"

"Ya sato."

"Na wewe ungekuwa wapi, mimi nikivua?"

"Hapa juu. Nakutazama."

Mayu aliileta ile ndoano puani, akafumba macho, akakaa hivyo. Ilikuwa inanuka kutu ya mwavuli tu, hilo nina hakika nalo. Mvua ilipiga juu ya jani letu. Alipofumbua macho aliifunga ndoano kwenye fundo la kanga, pale ilipokuwa michembe, akakaza sana.

"Kwa hiyo ziwa linakuja?" niliuliza.

"Haliji," alisema mayu. "Rangi haileti maji, mwanangu. Maji yalikuwepo kabla ya karatasi. Niliomba yapakwe makubwa ili watu wayaone, ng'ombe wasipitishwe juu yake. Basi."